Sekunde Kabla ya Saa Tisa Usiku: Historia ya Saa na Vipimo vya Kisayansi Same na Milima ya Upare

Mji wa Same, uliojengwa kwenye uwanda mkavu chini ya Milima ya Upare katika Mkoa wa Kilimanjaro, una kituo cha hali ya hewa kinachotambulika duniani kwa namba 63816, na kama ilivyo kwa vituo vyote vya mtandao wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ratiba ya vipimo vyake haifuati jua la Same wala saa ya Dodoma, bali hufuata saa moja iliyokubaliwa na mataifa yote. Saa kuu za usomaji katika ratiba hiyo ni nne, nazo kwa hesabu ya Kiswahili ni saa tisa usiku, saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri na saa tatu usiku. Hiyo saa tisa usiku ndiyo saa sita kamili ya usiku wa manane kule Greenwich, Uingereza, ambako tarehe ya dunia hubadilika, na ni katika nukta ya mwisho kabla yake ambapo, mara 27 tangu mwaka 1972, wanasayansi wameongeza sekunde moja ambayo saa ya kawaida ya ukutani haina mahali pa kuionesha. Namna sekunde hiyo ilivyozaliwa, na namna inavyopaswa kuandikwa katika kumbukumbu za mvua, za matetemeko na za setilaiti, ni sehemu ya historia ndefu zaidi ya jinsi watu wa milima hii walivyobadilisha bwana wa saa zao.

Bwana wa kwanza alikuwa jua, na msaidizi wake alikuwa maji. Katika Upare ya Kusini wakulima walijenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya udongo na mawe yanayokinga maji ya vijito kutoka juu mlimani, ambayo hujaa usiku kucha na kufunguliwa asubuhi ili maji yashuke kwa mifereji hadi mashambani. Zamu ya kumwagilia iligawanywa kwa siku na kwa mafungu ya siku, asubuhi ya huyu na alasiri ya yule, na kipimo cha haki hakikuwa dakika bali kujaa na kukauka kwa bwawa. Wakati wa mbali zaidi ulihesabiwa kwa vizazi. Isaria Kimambo, mwanahistoria mzaliwa wa Upare aliyechapisha mwaka 1969 kitabu cha historia ya kisiasa ya Wapare tangu takriban mwaka 1500 hadi 1900, aliitegemea hesabu hiyo ya vizazi ili kuyapanga masimulizi ya wazee katika mfuatano wa miaka, na neno “takriban” lililomo katika jina la kitabu chake ni ungwana wa kitaaluma ambao wakusanyaji wengi wa takwimu za leo wangefaa kujifunza, kwa maana linamwambia msomaji saa iliyotumika ilikuwa na ukali kiasi gani.

Bwana wa pili aliingia kwa reli. Wajerumani walianza kuijenga njia ya Usambara kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na baada ya kupita chini ya milima, kwenye uwanda ambamo ziko stesheni za Makanya, Same na Lembeni, ikafika Moshi mwaka 1911. Treni haiwezi kuendeshwa kwa jua la kila mahali, kwa sababu Tanga iko mashariki zaidi ya Moshi kwa nyuzi karibu moja na robo tatu za longitudo, na kwa kuwa Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja, adhuhuri ya Tanga huitangulia adhuhuri ya Moshi kwa dakika kama saba. Dakika saba si kitu kwa mwenye kupeleka mbuzi mnadani, lakini kwa treni mbili zinazotumia reli moja na kupishana stesheni ni tofauti kati ya usalama na ajali, na kwa hiyo popote reli ilipofika duniani, saa ya mji mmoja ililazimika kutawala miji mingine.

Same yenyewe iko kwenye longitudo ya nyuzi 37 na dakika 44 mashariki, jambo ambalo, kwa hesabu ya jua la wastani, linaiweka mbele ya Greenwich kwa saa 2, dakika 30 na sekunde 56. Saa ya Afrika Mashariki inayotumika sasa iko mbele kwa saa 3 kamili. Maana yake ni kwamba mkazi wa Same huishi kila siku na saa iliyotangulia jua lake kwa dakika 29, na ndiyo sababu jua mjini humo, kwa wastani wa mwaka, huchomoza karibu na saa kumi na mbili na nusu wala si saa kumi na mbili kamili.

Kufikia saa 3 hizo kamili hakukuwa safari ya moja kwa moja. Nairobi, ambako ndiko yalikokuwa makao makuu ya idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki nzima wakati wa Waingereza, ilianza mwaka 1908 kwa kuwa mbele ya Greenwich kwa saa 2 na nusu, ikapanda hadi saa 3 katikati ya mwaka 1928, ikarudi saa 2 na nusu Januari 1930, ikapanda hadi saa 2 na dakika 45 mwanzoni mwa mwaka 1937, na hatimaye ikatulia kwenye saa 3 tarehe 1 Agosti 1942. (Saa ile ya mwaka 1908, kwa mzaha wa longitudo, iliifaa Same kuliko ilivyoifaa Nairobi yenyewe, kwa kuwa ilipishana na jua la Same kwa chini ya dakika moja na kupishana na la Nairobi kwa karibu dakika tatu.) Kwa upande wa Tanganyika, jedwali la kimataifa la kanda za saa linalotumiwa na kompyuta karibu zote duniani lina faili la historia linaloonesha kwamba Dar es Salaam ilikuwa kwenye saa 3 tangu mwaka 1931, ikashuka hadi saa 2 na dakika 45 mwaka 1948, na ikarudi saa 3 mwaka 1961, mwaka wa uhuru.

Hapa panahitaji kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndipo makosa makubwa yanapojificha. Watunzaji wa jedwali hilo waliamua kuunganisha miji ambayo saa zake zimekubaliana tangu mwaka 1970, na kwa uamuzi huo Dar es Salaam inaelekezwa katika toleo la kawaida kwenye historia ya Nairobi. Kompyuta inayopewa usomaji wa saa tatu asubuhi uliofanyika Same mwaka 1955, na kuambiwa iugeuze kuwa saa ya Greenwich, itachukua saa 3 za Nairobi na kujibu kwamba ilikuwa saa 6:00 kamili, ilhali kwa kumbukumbu ya Tanganyika jibu ni saa 6:15. Kosa ni la dakika 15, yaani sekunde 900, na hakuna kengele itakayolia.

Huduma ya hali ya hewa yenyewe ilipitia mikono mingi. Ilianzishwa mwaka 1929 kwa ajili ya makoloni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, ikawa chini ya Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki mwaka 1948, kisha chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 1967, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 Tanzania ilijiundia idara yake kwa sheria ya mwaka 1978. Idara hiyo ikawa wakala wa serikali mwaka 1999, na sheria ya mwaka 2019 ikaunda Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Kila mabadiliko ya namna hiyo huhamisha madaftari kutoka kabati moja hadi jingine, na kinachopotea kwanza si tarakimu bali maelezo yake: nani alisoma, kwa saa ipi, na kwa desturi gani ya tarehe.

Desturi ya tarehe ni jambo linalomsumbua zaidi anayechunguza mvua ya Same, mji unaokaa upande wa milima usiopata mvua nyingi na ambako mvua moja nzuri ya vuli inaweza kuamua mavuno. Mpimaji huenda kwenye kipimamvua saa tatu asubuhi, huyamimina maji yaliyokusanyika katika bilauri nyembamba yenye mistari, hulinganisha jicho lake na kitako cha mbonyeo wa maji, wala si na kingo zinazopanda kwenye kioo, kisha huandika milimita na sehemu zake za kumi. Maji hayo ni ya saa 24 zilizopita. Yaliyosomwa asubuhi ya tarehe 2 Aprili yalinyesha kwa sehemu kubwa tarehe 1, alasiri au usiku, na kwa hiyo duniani kumekuwa na desturi mbili: kuyaandika kwenye siku yaliyosomwa, au kuyarudisha nyuma kwenye siku iliyotangulia. Zote mbili ni halali. Lisilo halali ni kuchanganya daftari la desturi hii na la desturi ile bila kusema, kwa maana mafuriko ya korongo yataonekana kutangulia mvua iliyoyaleta.

Wakati Afrika Mashariki ikihangaika na dakika 15 zake, sekunde yenyewe ilikuwa ikibadilishiwa maana katika maabara za Ulaya na Marekani. Tangu zamani sekunde ilikuwa sehemu moja kati ya 86,400 za siku, na siku ilikuwa mzunguko mmoja wa Dunia. Mwaka 1955 Louis Essen na Jack Parry, katika Maabara ya Taifa ya Fizikia ya Uingereza, walitengeneza saa ya kwanza ya kutegemewa iliyoendeshwa na atomu za sizi, metali laini ambayo atomu zake hupokea na kutoa mawimbi ya redio kwa kasi isiyobadilika. Mwaka 1967 mataifa yakakubaliana kwamba sekunde ni muda wa mitikisiko 9,192,631,770 ya mawimbi hayo, na kuanzia hapo sekunde haikuhitaji tena jua wala Dunia.

Tatizo ni kwamba Dunia haizunguki kwa usawa wa atomu. Mwezi huivuta bahari, bahari husuguana na sakafu yake, na msuguano huo wa kupwa na kujaa, ambao mvuvi wa Tanga huujua kwa namna nyingine, huipunguzia Dunia kasi kidogo kidogo, hata siku ikarefuka kwa takriban milisekunde mbili kwa karne, milisekunde ikiwa ni sehemu moja kati ya elfu ya sekunde. Sekunde ya atomu ilikuwa imepimwa kwa namna iliyoifanya ilingane na siku ya wastani ya karne ya 19, na kwa hiyo kufikia mwaka 1972 siku halisi ilizidi sekunde 86,400 za atomu kwa karibu milisekunde tatu. Ziada hiyo ndogo, ikirundikana kwa siku 365, inatoa karibu sekunde moja nzima kwa mwaka.

Njia iliyochaguliwa ilikuwa ya upatanisho. Kuanzia tarehe 1 Januari 1972 saa ya ulimwengu iliyoratibiwa, ijulikanayo kwa herufi UTC, ilianza kuhesabiwa kwa sekunde za atomu zisizonyooshwa wala kufupishwa, ikiwa nyuma ya saa ya atomu ya kimataifa kwa sekunde 10 kamili, na ikawekewa sharti kwamba isiachane na mzunguko wa Dunia kwa zaidi ya sekunde 0.9. Ikikaribia kuvuka mpaka huo, huongezwa sekunde moja mwishoni mwa Juni au Desemba, ambayo kwa Kiswahili yafaa kuitwa sekunde ya nyongeza. Inafanana na siku ya 29 Februari katika mwaka mrefu, ila kwa tofauti moja kubwa: mwaka mrefu unajulikana kwa hesabu hata karne moja mbele, ilhali sekunde ya nyongeza hutangazwa miezi sita tu kabla, na ofisi ya kimataifa iliyoko Paris inayoupima mzunguko wa Dunia. Hakuna programu inayoweza kuijua kabla haijatangazwa.

Sekunde mbili za kwanza, za Juni na Desemba 1972, zilikuta angani chombo cha kisayansi chenye jina la Kiswahili. Setilaiti Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya maadhimisho ya uhuru wa Kenya, kutoka jukwaa la San Marco lililosimamishwa na Waitalia baharini karibu na Malindi, na ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Timu iliyoongozwa na Riccardo Giacconi iligundua kwa data zake kwamba chanzo kimoja katika kundi la nyota la Centaurus hupiga kila baada ya sekunde 4.8, na kingine katika kundi la Hercules kila baada ya sekunde 1.24, kama mishipa ya damu. Anayetaka kujua kama mapigo hayo yanachelewa au yanawahi kwa kuwa nyota inaizunguka nyota nyingine, hawezi kuvumilia sekunde inayoingizwa katikati ya hesabu bila taarifa, kwa sababu sekunde moja ni karibu pigo zima la Hercules. Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973, na kwa hiyo kumbukumbu zake zilivuka mfumo wa zamani, ambamo UTC ilirekebishwa kwa vijisehemu vya sekunde, zikaingia katika mfumo mpya kwa mruko wa sekunde 0.107758 uliofanywa usiku ule wa kuamkia mwaka 1972. Desturi iliyojengeka miongoni mwa wanaastronomia ikawa kuhesabu kwa saa ya atomu, na kugeuza kuwa saa ya kiraia baadaye, kwa ajili ya wasomaji tu.

Kwa kuwa sekunde ya nyongeza huingizwa kwa wakati mmoja duniani kote, Same haiipati usiku wa manane. Huipata saa nane, dakika 59 na sekunde ya 60 usiku, na tarehe yake pia hugeuka: kinachoitwa duniani sekunde ya 31 Desemba 2016, kwa Same kilikuwa sekunde ya tarehe 1 Januari 2017, saa tatu baada ya kelele za kuupokea mwaka kumalizika. Mpimaji anayefuata ratiba ya kimataifa huanza mzunguko wake takriban dakika kumi kabla ya saa ya usomaji, na kipimo cha kanieneo ya hewa ndicho husomwa karibu zaidi na saa yenyewe, kwa hiyo sekunde hiyo huangukia katikati ya kazi yake bila yeye kuihisi. Wala haimpi hasara. Kanieneo na mvua hazibadiliki kwa sekunde moja kiasi cha kuonekana kwenye kipimo, na mtu anayetumia fedha za umma kusahihisha sekunde za nyongeza katika daftari la mvua anapoteza fedha hizo.

Hali ni nyingine kabisa kwa anayesikiliza ardhi. Milima ya Upare ni pande la miamba ya kale sana, na upande wake wa magharibi limelala bonde la Pangani, mojawapo ya matawi ambamo Bonde la Ufa linatawanyika kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 1994 watafiti walianza kusambaza nchini vituo 20 vya muda vya kupimia mitetemo, vilivyofanya kazi hadi mwaka 1995, ili kuchunguza gamba la Dunia na tabaka lililo chini yake, na mwaka huohuo wa 1994, katika usiku wa kuamkia Julai 1, sekunde ya nyongeza ikaingia. Mahali pa tetemeko hutafutwa kwa kulinganisha nyakati ambazo wimbi lilifika katika vituo mbalimbali, na wimbi la kwanza katika gamba la Dunia husafiri takriban kilomita 6 kwa sekunde. Iwapo vituo vyote vimekosea kwa sekunde ileile, tetemeko litapata saa isiyo sahihi lakini litabaki mahali pake. Iwapo kituo kimoja kimeihesabu sekunde na vingine havikuihesabu, kituo hicho kitadai kuwa chanzo kiko karibu au mbali zaidi kwa kilomita 6, na tetemeko lililotokea chini ya bonde linaweza kuhamishiwa mlimani.

Kiini cha tatizo kinaonekana vizuri kwa mfano wa sekunde chache. Tuseme kipimamitetemo huchukua sampuli 100 kwa sekunde, na kinafanya kazi kuanzia saa nane, dakika 59 na sekunde 50 usiku hadi saa tisa na sekunde 10, usiku wa tarehe 1 Januari 2017. Hesabu ya kawaida ya kutoa inasema zimepita sekunde 20, kwa hiyo faili liwe na sampuli 2,000. Faili lina sampuli 2,100. Programu isiyo na habari itaamua kwamba sampuli mia moja ni za ziada na kuzifuta, au itaamua kwamba saa ya chombo imeharibika na kuyahamisha yote yaliyofuata. Kwa sababu hiyo muundo wa faili uliokubaliwa kimataifa kwa data za mitetemo unaruhusu sekunde ya 60 kuandikwa, na una alama maalumu ya kusema kwamba ndani ya kipande hiki cha kumbukumbu sekunde ya nyongeza iliingia. Alama ni ndogo, lakini inategemea aliyeandika programu ya chombo kuikumbuka.

Kompyuta za kawaida hazina nafasi hiyo. Mfumo wa kuhesabu wakati unaotumiwa na nyingi kati yake huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa sharti kwamba kila siku ina sekunde 86,400, basi sekunde ya nyongeza inapofika, namba moja hurudiwa mara mbili, na matukio mawili yaliyofuatana yanaweza kuandikwa kana kwamba la pili lilitangulia la kwanza. Usiku wa kuamkia Julai 1, 2012 kasoro iliyokuwamo katika mfumo endeshi wa Linux ilizifanya seva nyingi duniani kuzidiwa na kazi, na tovuti kadhaa kubwa zikasimama. Kampuni ya Google ilikuwa imeshaanza kutumia njia nyingine, ya kuipaka sekunde hiyo kidogo kidogo katika muda mrefu badala ya kuiongeza kwa mkupuo, na mwishoni mwa mwaka 2016 iliipaka hivyo kwa saa nyingi mfululizo. Njia hiyo huzipa seva utulivu, lakini kwa chombo cha kisayansi ni sumu ya polepole, kwa sababu katika saa hizo zote kila sekunde si sekunde tena, na saa iko mbali na ukweli hadi kufikia nusu sekunde.

Setilaiti za GPS ziliepuka yote haya kwa kukataa kuongeza. Saa yake ilianza ikilingana na UTC tarehe 6 Januari 1980, haikuongezewa kitu tangu siku hiyo, na sasa iko mbele kwa sekunde 18. Tofauti hiyo hutangazwa ndani ya ujumbe wa setilaiti ambao huchukua dakika 12 na nusu kupokewa wote, na kwa hiyo kipokezi kilichowashwa sasa hivi baada ya kukaa muda mrefu kabatini kinaweza kuandika muda uliokosewa mpaka ujumbe ukamilike. Setilaiti hizo huenda karibu kilomita 4 kwa sekunde, na anayepima jinsi ardhi ya mashariki mwa Bonde la Ufa inavyojitenga kwa milimita chache kwa mwaka hawezi kuchanganya saa mbili ambazo tofauti yake huiweka setilaiti kilomita 70 nje ya mahali pake.

Kumbukumbu za Same zinadai kipimo cha aina yake cha uzito wa makosa. Sekunde zote za nyongeza, tangu ya kwanza hadi ya mwisho, ni 27. Kosa la ukanda wa saa la miaka ya 1948 hadi 1961 ni sekunde 900, zaidi ya mara 33 ya jumla hiyo. Kosa la kusoma “saa 3” iliyoandikwa na Mswahili, kwa maana ya saa tatu asubuhi, kana kwamba ni saa 3:00 ya usiku ya Kizungu, ni la saa 6, yaani sekunde 21,600, mara 800 kamili ya sekunde zote za nyongeza. Kosa la tarehe ya mvua ni sekunde 86,400. Elimu ya kisasa ya data imeandika mengi kuhusu kosa dogo kuliko yote, ambalo limeandaliwa jedwali, alama na tangazo kutoka Paris, na imeandika machache kuhusu lile la saa 6, kwa sababu tu waandishi wa miongozo hiyo hawakulelewa katika lugha inayohesabu saa kuanzia mapambazuko.

Sekunde ya nyongeza yenyewe sasa inaelekea kustaafishwa. Tangu ile ya kuamkia mwaka 2017 haijaongezwa nyingine, kwa kuwa Dunia imeongeza kasi kidogo katika miaka ya karibuni, na pamekuwapo mjadala wa kama siku moja italazimu kuondoa sekunde badala ya kuongeza, jambo ambalo halijawahi kufanyika. Novemba 2022 Mkutano Mkuu wa Mizani na Vipimo uliamua kwamba kufikia mwaka 2035 mpaka wa tofauti kati ya UTC na mzunguko wa Dunia upanuliwe, na mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliofanyika Dubai mwaka 2023 ukauunga mkono uamuzi huo. Wapo waliolalamika kwamba saa itaachana na jua. Kwa latitudo ya Same, ambako ardhi hukimbia kuelekea mashariki mita 464 kwa sekunde, sekunde 27 ni sawa na kilomita 12 na nusu tu, ilhali mji huo tayari umevumilia kwa zaidi ya nusu karne saa iliyoliacha jua kwa dakika 29, na hakuna adhana, kengele wala zamu ya ndiva iliyokosa wakati wake kwa ajili hiyo.

Uamuzi wa mwaka 2035, hata hivyo, hautafuta kilichokwisha kuandikwa: sekunde 27 zitabaki ndani ya data za miaka ya 1972 hadi 2017, na dakika 15 zitabaki ndani ya madaftari ya kabla ya uhuru. Taasisi na watafiti wanaonakili kumbukumbu hizo kwenye kompyuta wanaombwa waandike, kando ya kila safu ya saa, ni saa ipi iliyokusudiwa, ya Kiswahili au ya Kizungu, ya Greenwich au ya Nairobi, na siku ya mvua ilihesabiwa kwa desturi gani. Kijana wa miaka 20 aliyekuwa akisoma kipimamvua katika Upare mwaka 1960, akiwa hai leo, ana zaidi ya miaka 80. Aulizwe mapema.